Mama Leodegar Aenda Bagamoyo kwa Miguu

Watu wa Temeke wakikwambia mahali fulani ni karibu, waulize kwanza kama wameshawahi kwenda kwa miguu. Mwaka wa hamsini na nne, ule uliotangazwa kuwa Mwaka wa Mama Maria, katekista Polikarpo alisimama mbele ya waumini baada ya Misa ya Jumapili akatangaza hija ya Bagamoyo. "Mwendo wa siku tatu tu," akasema, "tena wa polepole." Tu! Mtu mwenyewe ana baiskeli. Wataondoka Alhamisi, akasema, watafika Jumamosi, na Jumapili ndiyo sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Kila asubuhi Misa, kila jioni rozari, na atakayeungama na kukomunika kule mwisho wa safari atapata rehema kamili. Watu arobaini na wawili wakajiandikisha, nusu yao kwa ajili ya rehema, na nusu ya pili, tusidanganyane, kwa ajili ya kuiona Bagamoyo.

Mmoja wao alikuwa Projestus, karani wa ghala moja kule Kurasini. Mhaya wa Bukoba, mrefu, mkimya, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kufagia uwanja wa kanisa. Alisoma seminari miaka mitatu kabla hajaona kwamba upadri si wake, na Kilatini chake kilikuwa kizuri kuliko cha katekista, jambo ambalo katekista hakulipenda hata kidogo. Projestus aliandikisha jina lake, akaandikisha na la mkewe bila kumwuliza. Alipofika nyumbani akamwambia, "Mama Leo, tunakwenda Bagamoyo kwa miguu."

Demetria alikuwa anachambua mchele. "Haya," akasema, akaendelea kuchambua.

"Haya" ndilo lililokuwa jibu lake la kila jambo tangu Machi. Chumvi imezidi? Haya. Mvua hiyo, nguo ziko nje? Haya, na nguo zinabaki nje. Hakuwa mtu wa hivyo jamani. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumkimbiza mwuza samaki mpaka barabara kubwa kwa sababu ya changu mmoja aliyeoza. Lakini tangu wamzike mtoto wao alikuwa ganzi mwili mzima. Watu walimsifu, wakasema kajikaza, ana imani. Yeye hakuwa amejikaza popote. Alijitafuta ndani akakuta hamna kitu, si huzuni, si hasira, akaendelea kupika.

Mtoto aliitwa Leodegar. Alikuja baada ya miaka sita ya ndoa, miaka ya madaktari na sala za novena na maswali ya wakwe, na alikaa duniani siku ishirini na tatu. Kwa desturi ya Wakatoliki wa siku zile mtoto alibatizwa ndani ya wiki ya kwanza, maana watoto walikuwa wanakufa na hakuna aliyetaka kubahatisha. Lakini Projestus alitaka kaka yake mkubwa awe baba wa ubatizo, na kaka alikuwa anatoka Bukoba: meli mpaka Mwanza, kisha treni, na treni ikakwama njiani kwa mafuriko. "Tumsubiri kidogo," akasema Projestus. Wiki ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Ubatizo ukapangwa Jumapili. Degedege likaja Jumatano.

Asubuhi hiyo Projestus yuko kazini, na bomba la mtaa kavu tangu jana yake. Jirani yao Zuena, Mzaramo, Mwislamu wa swala tano, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa, alikuja na dafu, akalikata, akaliweka kando ya kitanda. "Kunywa, shoga, maziwa yaje," akasema, akachukua debe lao akaenda kutafuta maji mtaa wa pili. Alipokuwa huko mtoto akakakamaa, macho yakageuka. Demetria alijua. Akakumbuka alichofundishwa kabla ya ndoa, kwamba mtoto akiwa hatarini mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata mama yake. Debe halipo, mtungi mkavu. Akachukua lile dafu, akammiminia utosini mara tatu, akasema maneno yote bila kukosea, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Dakika chache baadaye pumzi ikakatika mikononi mwake.

"Nimembatiza," ndilo neno la kwanza alilowaambia watu walipojaa mlangoni. Wakristo wakashukuru Mungu kwa sauti. Padri wa parokia, Mzungu mwenye ndevu ndefu, akamwuliza, "Ulisema maneno yote?" Akajibu, "Yote, Padri." Akamtaka ayarudie, akayarudia. Juu ya maji hakuna aliyeuliza, nani angeuliza? Padri akaandika jina kitabuni, na Leodegar akazikwa kwa Misa ya Malaika, mavazi meupe na nyimbo za shangwe, kwa sababu mtoto aliyebatizwa akifa hana dhambi hata moja na anapita moja kwa moja mbinguni. Mtoto wa namna hiyo haliliwi. Polikarpo alilisema makaburini mbele ya watu wote: "Mama, usilie. Huyu ni mtakatifu. Utamlilia mtakatifu?" Demetria akatii, akakifunga kilio siku hiyo hiyo, na kilipofungwa kikakaa.

Zuena ndiye pekee aliyeona kwamba mambo si sawa. Alikuwa akija kila alasiri kukaa naye barazani, anasuka ukili, anamtazama kwa pembe ya jicho. "Shoga, lia basi, hata kidogo," alimwambia siku moja. "Sie tumekatazwa mayowe, machozi hatujakatazwa. Nyie dini yenu ngumu, wee!"

"Haya," akasema Demetria.

Na Projestus je? Projestus alitafuta njia yake. Kila jioni wakimaliza rozari nyumbani, mume na mke na taa ya chemli, aliongeza mstari mmoja wa kwake. "Leodegar, mwana wetu," alisema, na Demetria akaitikia, "Utuombee." Hakusikia kitu akiitikia. Lakini aliujua ukweli wa jambo lenyewe jinsi mtu anavyojua kwamba Kilwa ipo ingawa hajafika: mtoto yuko mahali pazuri, na yeye ndiye aliyemfikisha kwa mkono wake. Hilo moja ndilo lililomwinua kitandani asubuhi. Mengine yote yalikuwa kazi za nyumbani.

Basi Alhamisi saa kumi na moja alfajiri wakasali Misa Temeke, wakatoka. Bendera ya Mama Maria mbele, wanaume nyuma yake, halafu wanawake na masufuria kichwani, na mwisho kabisa Polikarpo na baiskeli yake, akiisukuma kwa aibu maana wote walikuwa wanaitazama. Padri alitangulia kwa pikipiki na sanduku la vyombo vya Misa. Walipita Ilala wakiimba, Magomeni wakiimba, na walipofika Kinondoni, ambako siku hizo nyumba zilikuwa chache na mihogo mingi, walikuwa wanaimba watu watano tu. Mama mmoja mnene, Yuliana, mwuza vitumbua wa Keko, alitembea bega kwa bega na Demetria akimsimulia maisha yake yote bila kuacha hata mwaka. Demetria alisema "haya" kila alipoona inafaa, na Yuliana akaridhika kabisa. Baadaye aliwaambia watu kwamba hajapata kuona mwanamke mwenye mazungumzo mazuri namna ile.

Kunduchi walilala kwenye kigango cha vibarua wa mkonge. Yuliana ndiye aliyeona damu. "We mama! Mguu huo!" Ngozi ya kisigino ilikuwa imechunika pande zote mbili, na kiatu kimeshika damu mpaka kidoleni. Demetria akautazama mguu. Ulikuwa mguu wake, sawa. Hakujua umeanza saa ngapi. Projestus alipiga magoti, akauosha kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa leso yake aliyoipiga pasi mwenyewe, na Demetria akatazama utosi wa mumewe akaona mvi mbili tatu ambazo hazikuwepo Krismasi. Akaona, basi. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya juu yake.

Misa ya Ijumaa ilisaliwa chini ya makuti, altare imepangwa juu ya masanduku, kuku wanapita. Wanawake kushoto, wanaume kulia. Padri akawapa mgongo akaanza Kilatini chake, na Projestus akawa anajibu kwa sauti ya chini, wazi, kila neno mahali pake, huku Polikarpo akijibu kwa sauti kubwa ili kufunika. Demetria alipiga magoti watu walipopiga magoti, akasimama waliposimama. Wakati wa Komunyo alikwenda, akafumba macho, akatoa ulimi, akaurudisha. Alimwomba Mungu ampe kitu cha kusikia, chochote, hata maumivu ya mguu. Akarudi mahali pake na goti lake likatua juu ya kokoto. Alijua ni kokoto kwa sababu aliiona alipoinuka.

Ijumaa jioni walifika Mapinga, wamechoka, wamechomwa na jua, nusu wanachechemea. Walipiga rozari nje ya kanisa dogo la udongo. Walipomaliza, Projestus, kwa mazoea tu, akasema kwa sauti ya chini mstari wake, lakini kwa utulivu ule ukasikika. "Leodegar, mwana wetu." Demetria akaitikia. Yuliana akauliza ni mtakatifu gani huyo, na alipoambiwa akashika kifua. "Ala! Mna mwombezi wenu wenyewe! Mwalimu Polikarpo, inaruhusiwa?" Polikarpo akafikiri, akakohoa, akasema inaruhusiwa, kwa sababu mtoto mbatizwa ni mtakatifu wa hakika kuliko watu wazima wote, hakupata hata nafasi ya kukosa. Basi Projestus akaombwa aseme tena kwa sauti, na watu arobaini wakaitikia pamoja, "Utuombee," mpaka mbwa wa kijiji wakabweka. Projestus aliinamisha kichwa. Wanawake wakamgusa Demetria mabega wakimwambia ana bahati. Naye akasikia kitu kidogo, jamani, kitu cha kwanza tangu Machi, kama uvuguvugu hivi kifuani. Alilala nao.

Sasa lazima mjue juu ya kufunga. Zamani mtu aliyetaka kukomunika hakutia kitu kinywani tangu saa sita usiku, hata tone la maji. Mwaka mmoja nyuma Baba Mtakatifu alikuwa amelegeza: maji yakaruhusiwa. Wazee wengi hawakuamini, wakaendelea kubaki na kiu zao. Vijana waliamini upesi sana.

Jumamosi asubuhi, Misa ya Mapinga, watu wako kwenye mstari wa Komunyo, Polikarpo akatembea kando ya mstari akiwakagua kama askari wa forodha. Akasimama mbele ya Anselmo, mpagazi wa bandarini, kijana mwenye shingo nene, akanusa. "Wewe umekula."

"Sijala, Mwalimu. Nimekunywa maji tu, yameruhusiwa."

"Maji gani yananukia hivyo?"

"Ya dafu," akasema Anselmo. "Nimekuta mtu anakata hapo njiani."

"Toka mstarini."

"Kwa nini nitoke? Si maji? Hakuna mtu aliyeyapika, yamewekwa mle na Mungu mwenyewe!"

Padri alikuwa bado hajashuka altareni, na Polikarpo akaona nafasi ya kufundisha. Huyu bwana hakuwahi kuiona nafasi ya kufundisha akaiacha ipite. "Sikilizeni wote," akasema, si kwa sauti ndogo. "Maji ya Kanisa ni ya mvua, ya kisima, ya mto, ya bahari. Hayo ndiyo yasiyovunja mfungo, na hayo ndiyo ya kubatizia. Dafu ni chakula. Lina utamu, lina mafuta, linashibisha. Anselmo, wewe ungembatiza mtu kwa uji?"

Watu wakacheka. Hata wazee wakacheka, mikono midomoni. Anselmo akatoka mstarini akicheka na yeye, maana alikuwa kijana wa tabia njema.

Demetria alikuwa wa nne kutoka mbele. Hakuanguka wala hakushika ukuta. Alisimama vile vile na shela yake, mikono imekunjwa, na ule uvuguvugu wa jana ukazimika palepale, ukaacha baridi. Mstari ukasogea. Aliyekuwa nyuma yake akamgusa mgongoni asogee. Demetria akatoka pembeni, akarudi kwenye mkeka, akapiga magoti. Upande wa wanaume Projestus alikuwa amegeuka. Hakumtazama Anselmo kama wengine, alikuwa anamtazama mkewe.

Njiani siku hiyo hakuimba mtu. Jua la Agosti si kali sana lakini barabara ilikuwa mchanga mtupu. Demetria alisubiri mpaka Polikarpo alipobaki nyuma kurekebisha mnyororo wa baiskeli, akamwendea.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mama Leodegar."

"Ile habari ya asubuhi. Mtu akibatiza kwa dafu, hana maji mengine, hajui. Itakuwaje?"

Polikarpo alikuwa na mafuta mikononi na mawazo yote kwenye mnyororo. Hakuinua hata macho. "Kutojua kunamwokoa yeye mbatizaji, mama, hana dhambi. Lakini aliyebatizwa hajabatizwa. Ni sawa na kumwosha kichwa tu."

"Na akifa?"

"Kama ni mtoto? Limbo," akasema Polikarpo, kama mtu anayetaja kituo cha treni. "Haumii. Ila hamwoni Mungu, na mbinguni haingii. Nishikie hapa."

Demetria akashika pedali. Mnyororo ukaingia. Polikarpo akamshukuru, akasema swali zuri, wanawake wengi hawaulizi maswali, akaondoka akiisukuma baiskeli yake. Na msimwite mtu mbaya: hakujua anazungumza na nani. Angejua angekata ulimi wake.

Kilomita zilizobaki Demetria alizitembea akihesabu kitu kimoja tu kichwani. Mtoto yuko Limbo. Mimi nikienda mbinguni, simwoni. Nikienda motoni, simwoni. Basi hakuna ninapoweza kwenda nikamwona. Alilizungusha jambo hilo kila upande kutafuta mlango, na likawa halina. Hakulia, angelia nini? Alikuwa anatazama kisigino cha mtu wa mbele, kinapanda, kinashuka.

Bagamoyo walifika saa tisa alasiri. Kanisa kubwa, miembe iliyopandwa na wamisionari mistari miwili, kengele. Wenzake walipiga magoti njiani na kulia kwa furaha, Yuliana akagaragara kabisa mchangani na nguo yake mpya. Demetria aliuliza maungamo yako wapi.

Kwenye kiti cha maungamo alikuwa Padri Marselino, Mwafrika, mzee, mgonjwa wa kifua, amekaa mle tangu saa saba akisikiliza dhambi za watu wa hija mbalimbali. Demetria alimweleza yote kwa sauti ile ile ambayo angeeleza bei ya vitunguu. Degedege, debe, dafu, maneno.

"Ulisema maneno yote?" akauliza Padri.

"Yote, Padri."

"Mwanangu, nisikudanganye. Kanisa linadai maji. Yale si maji ya ubatizo." Akakohoa muda mrefu. "Wewe huna kosa. Huna cha kuungama hapa hata nikutafutie. Mtoto wako haumii. Yaliyo zaidi ya hapo Mungu anayajua, na mimi nimesoma miaka kumi na miwili sikuyakuta kitabuni."

"Nimwambie baba yake?"

Padri akafikiri. "Ana amani sasa hivi?"

"Kila jioni anamwomba mtoto atuombee. Jana amewaombesha watu wote."

"Basi mwache na amani yake. Mmoja kubeba inatosha." Akampa baraka, akampa kitubio kidogo mno, Salamu Maria tatu, jinsi wanavyopewa watoto.

Akazisali. Jioni kukawa na rozari, na Projestus akaombwa tena na watu atie mstari wake, kwa kuwa walishaupenda. Akasita, akautaja. Demetria akaitikia na wenzake, "Utuombee," sauti ikatoka sawasawa. Alijua sasa kwamba hakuna anayeombwa kule, na hakuna anayewaombea. Akaitikia hivyo hivyo, kwa ajili ya mumewe, akaona kwamba anaweza. Ataweza kesho, ataweza na mwaka ujao. Ndivyo alivyopanga maisha yake yaliyobaki, dakika ile, amepiga magoti.

Misa ya Jumapili ilikuwa kubwa, mapadri watatu, ubani, kwaya ya sauti nne. Walikomunika wote, hata Anselmo, safari hii na kiu yake. Demetria alikwenda pia, alikuwa safi, Padri alisema hana kosa. Alipokea akarudi. Polikarpo akatangaza kwamba kila aliyetimiza masharti amepata rehema kamili na kama angekufa saa hiyo angekwenda mbinguni bila kituo. Watu wakatazamana kwa furaha. Demetria alikaa na mbingu yake mkononi, hana pa kuiweka.

Baada ya Misa wakatandika mikeka uani mwa misheni, wakisubiri lori la kuwarudisha. Wali, maharage, chai ya maziwa. Projestus alimletea mkewe sahani, akakaa karibu naye, mbali kidogo na wengine. Hakula. Alikuwa amevua koti na kulikunja magotini.

"Jana asubuhi hukukomunika," akasema. "Kule Mapinga."

"Sikukomunika."

"Leo umekomunika."

"Niliungama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akasema, "Leo jioni nyumbani, kwenye rozari, tumshukuru mtoto kwa kutufikisha salama. Ukipenda."

Sijui, pengine ni lile neno "ukipenda". Demetria alikuwa amepanga kubeba miaka arobaini, akabeba usiku mmoja. "Baba Leo," akasema, "hakubatizwa. Nilitumia dafu la Zuena. Maji hayakuwepo, nikatumia dafu. Padri amesema haikushika. Hayuko mbinguni. Tumekuwa tunamwomba, hayupo."

Alisubiri ashtuke. Projestus hakushtuka. Alikuwa anatazama koti lake magotini, anaupapasa mkunjo kwa kidole gumba.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua tangu siku ile. Niliporudi kutoka Kurasini walikuwa wamekupeleka chumba cha Zuena, mtoto amelazwa kitandani peke yake. Nikafunua shuka." Akajigusa paji la uso. "Alikuwa na sisimizi, Demetria. Hapa, kwenye paji, na kwenye nywele. Kichwa kilikuwa kinanata. Nikaona dafu chini. Nikaelewa."

Demetria aliweka sahani chini.

"Debe alilochukua Zuena lilikuwa limesharudi, limejaa. Nikachota, nikammiminia mimi mwenyewe, nikasema, kama u hai, nakubatiza. Alikuwa ameshapoa." Akalikunja koti upya. "Mimi ndiye niliyesema tumsubiri kaka. Wiki tatu nzima, kwa ajili ya kaka. Nikakusikia bado unawaambia watu umembatiza, nikaona uso wako. Ningekwambiaje? Kila jioni ninamtaja ili wewe uamini. Sijawahi kuamini hata siku moja."

Kule kwenye mikeka mingine Yuliana alikuwa anacheka na Anselmo juu ya jambo fulani. Polikarpo alikuwa anahesabu watu. Lori lilikuwa linapiga honi getini.

Demetria akauliza swali moja, na hakuuliza kwa nini ulinificha, wala juu ya Limbo, wala juu ya kaka wa Bukoba.

"Walikuwa wengi? Sisimizi."

"Hapana," akasema Projestus. "Niliwatoa wote. Mmoja mmoja. Sikuacha hata mmoja."

Ndipo Demetria alipolia. Alilia kinywa wazi, uani mwa misheni siku ya sikukuu, mbele ya watu waliopata rehema kamili, akimshika mumewe shingoni na kuuliza mwanangu yuko wapi, mwanangu yuko wapi jamani. Watu wakaacha chai zao. Polikarpo akaja mbio, akamwinamia akamwambia, "Mama Leodegar, usilie, mtoto wako ni mtakatifu," na Projestus, yule mtu mkimya ambaye hakuwahi kumjibu mtu vibaya, akainua uso uliolowa machozi akamwambia, "Mwalimu, mwache alie. Mwache kabisa. Mtoto ni wetu."